Kizazi Moto Hakijafika Kibuli: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Disney

Kibuli, Kampala

Kwa wakuu wa Disney wanaoamua filamu ipi itazamwe wapi, na kwa ndugu zetu wa Triggerfish, Cape Town

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Kampala, na tangu utotoni ni mpenzi wa katuni, hasa zile za Kijapani zenye roboti, mashine na mbio za kasi. Nawaandikia kuhusu Kizazi Moto, mfululizo wenu wa filamu fupi kumi uliotoka tarehe 5 Julai 2023. Sijawahi kusubiri kitu kutoka kwenye studio zenu kwa hamu kama nilivyousubiri huo, na umenivunja moyo. Nitawaeleza kwa nini, kwa heshima, lakini bila kumung'unya maneno.

Wapo watakaoisoma barua hii bila kuwahi kuusikia mfululizo wenyewe, kwa hiyo niseme kidogo. Studio ya Triggerfish iliongoza kazi. Waongozaji walitoka Afrika Kusini, Uganda, Kenya, Nigeria, Zimbabwe na Misri, na mmoja mmoja au wawili wawili wakapewa filamu moja fupi ya kuonyesha Afrika ya kesho jinsi wanavyoiona wao. Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji watatu wa ile Spider-Man: Into the Spider-Verse iliyoshinda Oscar, alikuwa mlezi wa mradi. Jina mkalichukua kwenye Kiswahili. Kutoka Kenya mlimchukua Ng'endo Mukii, aliyeleta hadithi ya Enkai, jina ambalo Mmaasai yeyote analijua kabla hajajua kuhesabu. Kutoka Uganda mlimchukua Raymond Malinga wa studio ya Creatures Animation ya hapahapa Kampala.

Malinga hakuokotwa njiani. Mwaka 2017 alitoa filamu fupi, A Kalabanda Ate My Homework, na mtu yeyote aliyelala bwenini katika shule ya Uganda anajua kalabanda, lile zimwi la mabwenini, ni nani na kwa nini hakuna anayetaka kwenda msalani peke yake usiku wa manane. Kijana aliyeweza kuyachukua maneno ya gizani ya mabweni yetu akayageuza katuni ya kuchekesha, huyo alistahili kupewa mlango mkubwa zaidi. Mlipompa, sisi tuliokuwa tukimfuatilia tulifurahi kama vile ametoka nyumba ya jirani. Filamu yake kwenu inaitwa Herderboy, na ndani yake mna wachungaji wa ng'ombe walio nusu watu nusu mashine, wanaolinda mifugo dhidi ya mazimwi ya porini. Fikirini hilo linavyomgusa mtoto ambaye babu yake yuko Mbarara au Kiruhura na ng'ombe wake wote anawaita kwa majina.

Sasa niwaambie kuhusu mahali ninapoandikia.

Kibuli ni mlima wa Waislamu wa Uganda. Msikiti mkubwa uliopo juu yake ulijengwa kwenye ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu, na kuuzunguka kuna shule, chuo cha walimu na hospitali. Upande wa pili kuna chuo cha mafunzo ya polisi, pamoja na makao ya upelelezi wa jinai. Kwa sababu ya polisi hao, Kibuli ni sehemu mojawapo ya Kampala ambamo Kiswahili husikika kila siku. Sokoni utanunua ndizi kwa Kiluganda, lakini ukipita karibu na nyumba za askari jioni utawasikia watoto wakigombania mpira kwa Kiswahili, kwa sababu baba mmoja katoka Arua, mwingine Soroti, mwingine Kasese, na hiyo ndiyo lugha iliyowakutanisha.

Lakini lugha hii ina kidonda hapa kwetu, na nyinyi mliolichukua neno lake mkalifanya jina la kazi yenu mnapaswa kukijua kidonda hicho. Kiswahili kilifika masikioni mwa Waganda wengi kupitia kwa wanajeshi. Wazazi na babu za wanafunzi wangu walikisikia miaka ya Idi Amin, kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoa amri usiku. Ni kweli kwamba Aprili 1979 walikisikia tena kwa askari wa Tanzania walioingia Kampala na kuuangusha utawala huo, na wapo wazee wanaokipenda mpaka leo kwa sababu hiyo. Lakini hofu ya kwanza haikufutika. Mpaka leo nina wazazi wanaoniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini binti yao afundishwe lugha ya askari na ya wezi. Siwalaumu. Walichokisikia wamekisikia.

Serikali imefanya sehemu yake kwa maandishi. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikifanya somo la lazima kwa vidato viwili vya kwanza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, na tangu mwaka huohuo dunia nzima inaadhimisha siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai. Nyinyi mkatoa Kizazi Moto siku mbili kabla ya siku hiyo mwaka 2023. Nilidhani nyota zimetupangia.

Maana azimio la serikali halimfanyi mtoto apende lugha. Mtoto huipenda lugha akimsikia mtu anayemtamani akiisema. Wanafunzi wangu wanajua maneno ya Kijapani ambayo hakuna shule ya Kampala inayoyafundisha, kwa sababu wameyasikia kwa Naruto na Luffy, mashujaa wa katuni za huko. Mtoto wa Kisugu anaweza kukutajia aina za mbinu za kupigana kwa Kijapani, tena kwa lafudhi. Hebu fikirini, basi, mchungaji wa ng'ombe mwenye mkono wa chuma akimkabili zimwi na kulikemea kwa Kiswahili. Filamu moja ya namna hiyo ingenifanyia nusu ya kazi ninayoifanya kwa miaka miwili ya vidato vya kwanza. Mtoto wa Kiganda angeisikia lugha hii, pengine kwa mara ya kwanza, ikitoka kinywani mwa shujaa anayewalinda wanyonge, bila kumwamuru yeye apige magoti.

Trela yenu ilipotoka YouTube ilizunguka darasa zima, kutoka simu hadi simu, kila mmoja akiwa kwao. Trela ilikuwa bure na wazi kwa wote. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa nyumba za polisi, alikuwa akiisimamisha kila sekunde kwenye simu ya dada yake, akichora. Siku moja aliniletea daftari lake la hisabati, akalifungua kutoka nyuma. Alikuwa amemchora mchungaji wake mwenyewe. Mkono wa kulia, kuanzia kwenye kiwiko, ulikuwa wa mashine, na kila nati aliizungushia bikari mpaka karatasi ikatoboka. Kando yake alisimama ng'ombe mwenye pembe ndefu zilizovuka mstari mwekundu wa pambizo, zikaishiwa karatasi, akachana ukurasa mwingine na kuuunga kwa selotepu ili pembe ifike mwisho wake.

"Ungeichora fupi kidogo ikatosha," nilimwambia.

"Hapana, Mwalimu. Hawa ni wa Ankole. Pembe haikatwi." Kisha akauliza: "Inatoka lini huku kwetu?"

Nilimwambia sijui. Sikuwa na jibu jingine, na sina hadi leo. Huduma yenu ya Disney+ ilifunguliwa Afrika Kusini Mei 2022, na mwezi uliofuata ikafika Misri na nchi nyingine za kaskazini mwa Afrika. Kizazi Moto kilipotoka mwaka uliofuata, kilitolewa humohumo. Uganda haikuwemo. Kenya haikuwemo. Tanzania, kunakozaliwa sehemu kubwa ya Kiswahili ambacho jina lenu limetokana nacho, haikuwemo. Filamu ya Mganda kuhusu wachungaji wa ng'ombe ikatazamwa Los Angeles, London na Tokyo, na mji ilipo studio yake ukabaki na trela.

Hilo ndilo lililonivunja moyo kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote.

Tena haikuwa lazima iwe hivyo, maana Kampala mnaijua. Mwaka 2016 mlitoa Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair kuhusu Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyejifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende. Katwe na Kibuli tunatazamana. Mtu akishuka mlima wetu kwa boda, foleni ikiwa nzuri, hachukui muda. Filamu ile ilipigwa kwa sehemu hapahapa mjini, watoto wa mitaa yetu waliigiza ndani yake, na ilionyeshwa katika sinema za Kampala. Watu walitoka Katwe kuja kujitazama. Kumbe njia mliijua. Ilikuwaje miaka saba baadaye mkaisahau?

Kizazi Moto niliutazama wote kwa mara ya kwanza nikiwa Johannesburg, kwa binamu yangu. Watoto wake walikuwa wameshaurudia mara nyingi na walinionyesha ipi nianze nayo. Nakiri uzuri pale ulipo. Rangi zake ni za watu waliokulia kwenye jua hili. Hakuna Mzungu anayekuja kuokoa mtu. Mizimu haikuchorwa kama ushenzi, wala teknolojia haikuchorwa kama kitu cha kuazima. Kwa mtu wa umri wangu, aliyekua akitazama roboti za Wajapani na kujiuliza kama siku moja mojawapo ingetua mlima wa Kololo hapa Kampala, kuiona Afrika yenye mashine zake yenyewe kulinipa furaha ambayo siwezi kuificha.

Halafu kila filamu ikaisha.

Hapa naongea kama mtazamaji, tuache siasa ya nani amefunguliwa mlango. Chukueni ile ya mbio, Mkhuzi: The Spirit Racer, ya Simangaliso Sibaya na Malcolm Wope wa Afrika Kusini. Manzo ni kijana nusu Mzulu nusu kiumbe wa sayari nyingine. Hana sifa yoyote kwenye uwanja wa mbio, na anatakiwa amshinde bingwa mwonevu aliyetoka anga za mbali, jambo ambalo haliwezekani mpaka aukubali urithi wake wote, wa baba na wa mama. Hilo ni wazo la kujaza misimu mitatu. Limebanwa ndani ya muda usiofika hata dakika ishirini. Ndiyo kwanza nimeanza kumjua kijana, injini imenguruma, adui ameanguka, majina ya wachoraji yanapita.

Sisi wapenzi wa katuni za mbio tuna kipimo chetu, na Wajapani ndio waliotufundisha. Mwaka 1967 walitoa Mach GoGoGo, ambayo dunia iliijua kama Speed Racer. Mwaka 1991 studio ya Sunrise ikaleta Future GPX Cyber Formula yenye vipindi 37. Mwaka 2005 Production I.G, kwa kushirikiana na Cartoon Network ya Marekani, wakatoa IGPX: timu za marubani watatu watatu, kila mmoja ndani ya roboti lake, raundi tatu za uwanja, na njiani wanaruhusiwa kupigana. Mfululizo ule ulipata misimu miwili, vipindi 26, na wapo waliosikitika kwamba uliishia hapo. Lakini vipindi 26 vinatosha kumjua mtu. Takeshi anapoingia raundi ya mwisho tunajua uvivu wake na kiburi chake. Liz akikasirika tunajua hasira hiyo imetoka wapi. Amy akinyamaza ndani ya roboti lake tunajua ananyamazia nini. Kasi peke yake ni kelele tu. Moyo wa mtazamaji hudunda kwa sababu ya aliyekalia usukani, na kumjua aliyekalia usukani kunataka muda.

Hata filamu moja ikiwa ndefu ya kutosha inaweza kufanya kazi hiyo. Redline ya Takeshi Koike, iliyotoka studio ya Madhouse mwaka 2009, ilichorwa kwa mkono kwa miaka ipatayo saba. Ina urefu wa saa moja na dakika zake, na mtu akiitazama anaona kila mwaka uliomo ndani. Wajapani hawakumwambia Koike alete ladha tu. Walimwachia apike.

Kwa nini Waafrika wote hao wapewe kijiko kimoja kimoja? Ndivyo nilivyojiuliza. Mlikuwa na Manzo na mbio zake, mkamtoa baada ya mbio moja. Mlikuwa na wachungaji wa Malinga, wenye ulimwengu mzima nyuma yao, kuanzia ngano za Wachwezi ambazo watoto wa Bunyoro na Ankole huambiwa na bibi zao mpaka hizo mashine zilizoungwa mwilini, mkafungua dirisha na kulifunga. Mkusanyiko wa filamu fupi una heshima yake, na najua Wajapani pia hufanya hivyo. Ila kwao filamu fupi huwa mlango wa kuingilia. IGPX yenyewe ilianza mwaka 2003 ikiwa vipindi vichache vya dakika chache tu, watu wakaipenda, wakaiandika upya na kuipa misimu miwili. Kizazi Moto kilipendwa. Nangoja tangu siku ile nione ni ipi kati ya zile kumi itakayopewa nafasi yake ya pili.

Niseme na lugha. Lugha kuu ya filamu zenu hizi ni Kiingereza, na maneno ya nyumbani yamenyunyizwa hapa na pale. Nawaelewa waongozaji, walikuwa kumi na zaidi, kutoka nchi sita, na ilibidi wasikizane. Simlaumu hata mmoja wao. Nyinyi ndio wenye uwezo wa kuweka sauti nyingine juu ya picha, na kazi hiyo mnaifanya kwa lugha nyingi za Ulaya na Asia kila mwaka. The Lion King ya mwaka 1994 mliifanya izungumze Kizulu, jambo jema kabisa, na Wazulu bado wanalikumbuka. Lakini simba yule mlimwita Simba. Nyani mkamwita Rafiki. Hakuna Matata mliiombea usajili Marekani mwaka huohuo wa 1994, ili iwe alama yenu ya biashara kwenye nguo, na mwaka 2003 ikasajiliwa; mwaka 2018 watu zaidi ya laki moja walitia saini kuomba muiache. Mimi sikuwa miongoni mwa waliotia saini. Niliamini kwamba mtu anayelipenda neno kiasi hicho, siku moja atawasikiliza wenye nalo. Kizazi Moto kilipotangazwa nilisema siku yenyewe ndiyo hii.

Na msiseme hapakuwa na watu wa kuifanya kazi hiyo. Afrika Mashariki imekuwa ikizipa filamu za kigeni sauti ya nyumbani kwa miaka mingi bila kusubiri ruhusa ya mtu. Dar es Salaam ilikuwa na marehemu Lufufu, ambaye sauti yake juu ya filamu za Kichina na za Kimarekani ilikuwa sababu ya watu kununua kanda. Kenya ina DJ Afro. Hapa Kampala tuna VJ Jingo, VJ Junior na wenzao, ambao katika vibanda vya video vya Kisenyi, Katwe, Namuwongo na huku kwetu wamewafanya watu wasiojua neno la Kiingereza wafuate filamu ya saa mbili bila kupoteza uzi. Mtu aingie kibandani siku VJ mzuri akiwa kazini, na aangalie nyuso kwenye mabenchi. Bibi wa miaka sitini anamuonya mhusika kwa sauti kubwa asiingie mlango ule. VJ anamjua mtazamaji wake: anajua ni wapi amweleze sheria ya Marekani, na ni wapi anyamaze aiache risasi iseme. Huo ni ufundi. Ndugu zetu wa Ubongo pale Dar es Salaam nao, tangu mwaka 2014, wamekuwa wakirusha Ubongo Kids kwa Kiswahili kwenye runinga za kawaida, hesabu na sayansi ndani ya katuni, watoto wakiimba nyimbo zake njiani. Waandishi wapo, waigizaji wa sauti wapo, mafundi mitambo wapo.

Mtaniambia soko letu ni dogo. Mtasema kadi za benki ni chache, intaneti ni ghali, na wizi wa filamu ni mwingi. Yote haya nayajua. Ninaishi ndani yake. Chini ya msikiti kuna kijana mwenye kompyuta moja na spika mbili, ukimpelekea flashi yako anakuwekea filamu unayotaka kwa bei isiyozidi ya rolex, ile chapati yetu ya mayai, na hana haja ya kukuuliza imetoka wapi. Lakini swali langu ni hili: kazi ya Malinga iwafikie watu wa Kibuli kwa njia gani nyingine? Mlango wa mbele ukifungwa kwa kufuli, mnamshangaaje anayepita uani? Mwezi uleule wa Julai 2023 Netflix walitoa Supa Team 4, ya Malenga Mulendema wa Zambia, iliyotengenezwa na Triggerfish haohao. Netflix iko Uganda tangu 2016. Familia ya Kampala yenye uwezo ililipa na kuitazama siku ileile na watu wa Marekani. Wasio na uwezo walikwenda kwa jirani. Hivyo ndivyo inavyokuwa popote duniani, na hakuna aliyelalamika.

Wala Malinga si Mganda pekee aliyepita kwenu. Kugali, kampuni mliyoshirikiana nayo kutengeneza Iwájú ya mwaka 2024, ina waanzilishi watatu, na mmoja wao, Hamid Ibrahim, ni Mganda. Kwa hiyo akili za watu wa nchi hii mnazithamini, na mmezilipia. Ninachoomba ni kwamba matunda yake yaliwe pia na watu wa nchi hii.

Ninaomba hivi. Ikiwa huduma yenu bado haiwezi kuja Uganda, itoeni Kizazi Moto humo na muipe runinga. Kwa miaka mingi chaneli yenu ya Disney imekuwa ikionekana kwenye DStv. Muda wa kurusha filamu kumi fupi hauwezi kukosekana. Afadhali zaidi, ipeni UBC, runinga ya taifa, walau Herderboy na Enkai, kwa wiki moja ya Julai, siku ya Kiswahili ikiwa katikati. UBC huipati kwa kadi ya benki. Unaipata kwa antena. Mtoto wa Kibuli ataiona, na wa Moroto ataiona.

Iwekeeni sauti ya Kiswahili. Msiende kuitafuta studio ya mbali ambako watu wawili watasoma mistari yote kwa lafudhi isiyo ya popote. Waiteni waigizaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na kwa filamu ya Malinga mumwachie yeye achague sauti. Mchungaji wa kutoka Ankole akisema Kiswahili kwa lafudhi ya Ankole hakuna atakayeona ajabu. Ndivyo Waganda tunavyokisema. Mkiweza kuongeza Kiluganda na Kinyankole, VJ wetu watawaonyesha namna.

Na Triggerfish, ndugu zangu, hili ni lenu zaidi: mpiganieni Manzo apate msimu mzima, na muwapiganie wachungaji wa Malinga wapate wao. Nyinyi mlianza mwaka 1996 katika mji ambao hakuna aliyetarajia ungetoa filamu za katuni za kuuzwa dunia nzima, na mnajua ilivyo mtu kuambiwa atoe ladha tu huku chungu kizima kiko jikoni. Watazamaji wa mbio na roboti tupo wengi huku kuliko mnavyodhani. Tutakaa vipindi 26 na tutaomba vingine.

Ukumbi tutautafuta sisi wenyewe. Shule za mlima huu zina kumbi kubwa, projekta si kitu cha kuwasumbua nyinyi kutuma, na umeme ukikatika jenereta ipo. Tunachohitaji kutoka kwenu ni barua ya ruhusa na faili la filamu. Chagueni Jumamosi yoyote ya muhula, Malinga aje kutoka studio yake ajibu maswali ya watoto, na nawaahidi kwamba maswali hayatakwisha kabla ya Magharibi. Majibu yenu nitayasoma darasani, yawe ya ndiyo au ya hapana.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa Kiswahili,
Kibuli, Kampala